Yaliyosemwa Mashine Ikinguruma

Mtu akishinda karibu na mashine ya kukoboa mpunga kwa miaka mingi, anaanza kuongea kwa kelele hata kanisani. Hapa Igowole mke wangu amenikanyaga mguu mara nyingi chini ya benchi, maana nikimnong'oneza kwamba leo mchungaji amerefusha, mchungaji mwenyewe anasikia. Kwa hiyo, vijana wangu, maneno haya yasomeni kwa sauti kubwa kidogo, ndivyo yalivyotoka.

Juzi kundi letu la mashabiki kwenye simu liliwaka moto kwa sababu ya kocha. Mnajua wenyewe mliyoandikiana. Mimi sikuandika hoja yoyote, nilimwomba tu kijana anayeliongoza alifunge mpaka kesho yake asubuhi, naye akanisikiliza. Mmoja wenu akasema baadaye kwamba wazee tunaogopa hoja. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo, lakini chai ilikuwa mezani. Sasa nimetulia na ninataka mjue kwamba kuwafunga watu midomo kwa wakati wake ni kazi, ina ufundi wake, na mimi nilifundishwa kazi hiyo Rujewa na mtu aliyeijua kuliko mimi.

Mtu huyo ni Mzee Gaudensi. Kwao ni Iringa mjini, Mlandege. Mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, mwembamba, nyusi zake zimejaa vumbi la pumba hata siku ambayo hakufanya kazi. Alikuwa fundi wa mashine ya kukobolea pale Rujewa, na mwenye mashine mwenyewe alikuwa akikaa mbali, anakuja kuangalia mara mojamoja kama mgeni. Mimi nilifika pale nikiwa kijana, nimetoka huku Mufindi kufuata kibarua cha mavuno. Gaudensi akaniona ninavyobeba gunia, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema mtu anayebeba vibaya namna hii bila kuangusha lazima ana akili mahali fulani. Nikawa msaidizi wake.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuuma. Kabla mpunga haujaingia mashineni, unachukua punje chache unaziuma kwa meno ya mbele. Ikikatika kwa mlio mdogo, mpunga umekauka. Ikibonyea, mrudishie mwenyewe akaanike tena. Ikisagika kabisa imekauka kupita kiasi, utapata chenga tupu, punje zilizovunjika. Niliyaelewa yote hayo, na siku chache baadaye nikayasahau yote. Alikuja mkulima mmoja mbio mbio, timu yetu inacheza jioni na anataka awahi redio, mpunga wake hata hakuuanika vizuri. Nikaona aibu kumchelewesha shabiki mwenzangu. Nikakoboa bila kuuma. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa kama unga uliokojolewa na mvua. Mzee Gaudensi hakunigombeza. Alimpa yule mkulima mchele kutoka kwenye fungu lake mwenyewe, ule uji akaniwekea mimi kwenye ndoo, akasema chakula hakitupwi. Nilikunywa uji wa mchele asubuhi na jioni mpaka nikawa ninauota. Tangu hapo, vijana, mpaka leo nikipita mahali pameanikwa mpunga, mkono unaenda wenyewe.

Sasa mtauliza mpira umeingiaje mashineni. Ulikuwemo. Zamani zile injini ilikuwa ya dizeli, ya kupigwa hendeli, na dizeli haikuwa kitu cha kuchezea. Haikuwashwa kwa gunia moja. Watu walileta mpunga wao, wakapanga foleni ya magunia, wakakaa juu yake wakingoja yatimie ya kutosha. Wanaume na wanawake wamekaa juu ya magunia, hawana la kufanya, na jana timu imecheza. Mlitegemea waongelee nini? Baadaye umeme ulipokuja tukafungiwa mota ya kubonyeza swichi, na sababu ya kungoja ikaisha, lakini watu waliendelea kungoja vilevile. Ukimwambia mtu lete gunia lako nikukobolee, anakwambia subiri kwanza, huyu hajamaliza kusema ujinga wake.

Timu yenyewe ni hii yetu ya Mbeya mjini, sisi Wana Ukungu. Makocha wamepita wengi, na mashineni kila mmoja alibatizwa upya. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Taratibu. Yeye alitaka mpira utembee chini, beki ampe beki, beki amrudishie kipa, kipa ampe beki tena, mpaka jukwaani watu wanapiga miayo. Baada yake akaja tuliyemwita Mbele, kwa kuwa ndilo neno pekee alilopiga kelele pembeni mwa uwanja tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwake yeye mpira ukikaa miguuni mwa mtu ni kama umeibiwa.

Mzee Gaudensi alikuwa wa Taratibu damudamu. Alisema timu haina tofauti na mashine, ukiilisha kwa pupa inakata punje. Upande wa pili alikaa Mzee Asajile. Huyu alikuwa mkulima wa mpunga na mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki pale Rujewa, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeshuka Usangu kufuata mashamba tangu ujana wake. Mnene, mcheshi, ana sauti isiyohitaji kipaza. Hoja yake ilikuwa kwamba uwanja wetu wakati wa mvua ni jaruba la mpunga, na hakuna mtu mwenye akili anayepiga pasi fupi kwenye jaruba. Unapiga mbele, unakimbilia, mengine mtayajua huko huko.

Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tukikodi gari kwenda Mbeya kuangalia mechi walikaa kiti kimoja, Gaudensi dirishani, Asajile pembeni, na walibishana kutoka Rujewa mpaka Uyole bila kupumzika. Nani acheze namba sita, kwa nini yule winga mwenye mguu wa kushoto anapangwa kulia, jezi ya mwaka huu imeshonwa na nani hata ikawa na kola ya shati la shule. Kurudi, tumefungwa au tumeshinda, mmoja analala begani kwa mwenzake.

Mabishano yakizidi, Gaudensi alikuwa na dawa. Aliona sauti zimepanda, mtu ameshasimama, kidole kimeanza kuingia jichoni mwa mwenzake, basi anainuka polepole, anakwenda kuwasha mashine. Ngurumo ile ikianza hakuna hoja inayosikika. Watu wanabaki wanarusha mikono hewani, wanajiona walivyo, wanaanza kucheka. Ikizimwa, hasira imeshuka na mchele umetoka. Ndiyo maana nasema ni ufundi. Ukiwasha mapema mno umewanyima watu raha yao, na ukichelewa neno limeshatoka.

Kelele zile zilitufundisha jambo jingine, kusoma midomo. Fundi na msaidizi wake hawawezi kuzimishana mashine kila wakitaka kuambiana kitu. Ukisugua viganja maana yake chenga zimezidi, ukigusa koo maana yake mkanda unateleza, na mengine yote unayasoma kwenye mdomo wa mwenzako. Gaudensi alikuwa bingwa, kanisani alijua kwaya ya upande wa pili wanasengenyana nini. Na kwa kuwa tuliona mengi, alikuwa na sharti moja ambalo hakuwa na mzaha nalo: ya kwenye mashine yanaishia kwenye mashine. Kinachosemwa ngurumo ikiwa juu hakirudiwi ikizimwa. Watu waliijua sheria hiyo, wakaitumia. Mtu ana hasira na shemeji yake, anakuja anasimama karibu na mashine, anamtukana mpaka anachoka, anaondoka mwepesi. Mama mmoja alikuwa akija hata bila mpunga. Padri ana kitubio chake, sisi tulikuwa na mota.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Mnajua kwamba kila mwaka timu inasherehekea siku yake ya kuzaliwa, na kila tawi linapeleka kitu. Wenzetu wa milimani wanapeleka viazi, sisi wa Rujewa tunapeleka mchele. Sherehe hiyo tuliijadili mashineni kuliko hata mechi. Iwepo bendi au ngoma. Wachezaji wa zamani wacheze mechi au wapungie watu mkono tu, maana mwaka mmoja walicheza, na matumbo yale hayakuwa ya kuonyeshwa watoto. Keki ya nini. Mwaka ninaousema, Taratibu alikuwa ameshatimuliwa na Mbele ndiye kocha, na hoja iliyoletwa ilikuwa hii: je, makocha waliofukuzwa nao waalikwe?

Gaudensi alisema waalikwe, na Taratibu awe wa kwanza, kwa kuwa vijana wote wanaotamba leo ni yeye aliyewafundisha kutuliza mpira. Asajile akasema haiwezekani, mtu aliyetushusha mpaka tukachekwa hawezi kuja kula pilau yetu. Wakaenda hivyo, wakarudi hivyo, watu wakishangilia kila upande. Gaudensi hakuinuka kuwasha mashine, maana safari hii alikuwa ndani ya ugomvi yeye mwenyewe. Na mimi nilikuwa ninacheka. Ndipo Asajile, amebanwa na hoja, hana pa kutokea, akasema:

"Gaudensi, timu hii ni ya watu wa Mbeya. Wewe ni wa kuja. Una ya kwenu Iringa, nenda kawapangie wale."

Mama Zawadi, mama wa Kisangu aliyekuwa akipepeta pale mashineni na kutuongozea mapishi ya tawi, aliacha ungo wake. Gaudensi alikuwa ameishi Rujewa miaka kuliko umri wa wengi waliokuwa wamekaa pale, amezika mke wake pale, hakuna nyumba yenye sufuria ambayo haijapikwa mchele aliokoboa yeye. Na mimi wa Igowole, neno lile lilinipita katikati hata kama halikuelekezwa kwangu.

Gaudensi akasimama, akaenda kwenye swichi, akawasha. Kisha akageuka, akamwangalia Asajile, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, na mdomo wake ukasema kitu. Asajile hakusikia. Aliona mkono unaoelekea mlangoni, akaona mdomo unaocheza, akaelewa anachotaka kuelewa. Akatoka. Gunia lake la mpunga, lililofungwa kitambaa cha jezi kuukuu ya timu kama alivyozoea kuyawekea alama, akaliacha pale pale karibu na mlango.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mkanda. Nilisoma mdomo wa Gaudensi, neno kwa neno. Lakini yalikuwa ya kwenye mashine.

Siku iliyofuata mji mzima ulijua kwamba Mzee Gaudensi amemfukuza mwenyekiti. Wengine wakaongeza kwamba amemlaani. Asajile akaanza kupeleka mpunga wake kwenye mashine ya kule stendi, na wanaomuunga mkono wakamfuata. Tawi likawa vipande viwili, wa Mbele kule, wa Taratibu huku, na kila upande ukaanza kupanga kupeleka mchele wake na kukodi gari lake. Mpaka salamu zikawa shida. Mtu anaangalia kwanza umetokea mashine ipi ndipo akuitikie.

Lile gunia Gaudensi alilikoboa saa ile ile, mbele ya foleni yote, na mchele ulitoka mzuri, mrefu, hauna chenga. Akalifunga tena kwa kitambaa kile kile, akaliweka kwenye kona juu ya mbao. Kila baada ya muda alikuwa anaumwaga mchele kwenye turubai kivulini, anaupepea, anautoa wadudu, anaurudisha guniani. Nilimwambia nimpelekee mwenyewe. Akanijibu kwamba mwenye gunia anapafahamu. Nikamwambia basi nimweleze Asajile ulichosema. Akainyooshea mashine kidole, nikaikumbuka sheria.

Kisha kifua chake kikaanza kumsumbua, vumbi la pumba halina urafiki na mtu. Mwanawe akaja kutoka Mlandege, akasema imetosha, baba anarudi nyumbani, sherehe ya timu ikipita tu atakuja kumchukua. Nikadhani angalau tutamuaga vizuri kule Mbeya. Nikamuuliza kama atavaa jezi yake ya zamani. Akaniambia haendi. Sherehe ni ya wenyewe, akasema, yeye atabaki anafunga mizigo.

Niliumia, nasema kweli. Mtu ambaye hakuwahi kukosa sherehe hata moja, aliyenitoa kwenye kubeba magunia akanifanya fundi, anaondoka Rujewa akiamini kwamba miaka yote alikuwa mgeni. Ikiwa yeye ni mgeni, mimi ni nani?

Nilikwenda kwa Mama Zawadi. Alikuwa anachambua maharage, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Halafu akasema:

"Mpunga ndio uliowaita wote. Asajile kaja, Gaudensi kaja, wewe umekuja. Mwenyeji hapa ni mimi, na mimi sijamfukuza mtu."

Akasema nimwachie Asajile. Ni mwenyekiti, na mwenyekiti anatakiwa akague mchele wa sherehe kabla haujapakiwa, apende asipende.

Alimleta Jumapili, saa ambayo Gaudensi yuko misani. Mimi Mlutheri nilikosa ibada siku ile, na sijajuta. Asajile alifika mlangoni akagoma kuingia. Alisema kwanza anataka kujua alitukanwa nini, kwa sababu watu wanasema niliusoma mdomo wa Gaudensi. Nikamwambia siwezi, ni ya kwenye mashine. Akasema kama ni hivyo anaondoka.

Basi nikabonyeza swichi.

Mashine isiyo na kitu ndani inalia vibaya, inapiga kelele ya njaa. Nilikwenda nikasimama pale pale aliposimama Gaudensi, nikanyoosha mkono kama alivyonyoosha, nikasema kwa mdomo kile alichosema. Asajile akaweka kiganja sikioni. Nikarudia. Akauangalia mkono wangu unaoelekea mlangoni, uso ukambadilika, akadhani na mimi ninamfukuza. Akageuka kuondoka. Mama Zawadi akamdaka shati kwa nyuma, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayemnyoa mtoto, akakigeuza mpaka macho yake yakatua pale karibu na mlango, mahali lilipokuwa gunia lake siku ile. Kisha akakigeuza tena upande wa kona. Asajile akakiona kitambaa chake cha jezi.

Nikasema tena, polepole, silabi kwa silabi, kama Gaudensi alivyonifundisha mimi nilipokuwa mgeni wa kusoma midomo. Safari hii nikaona mdomo wa Asajile mwenyewe unayafuata maneno:

"Kaa. Gunia lako ndilo linafuata."

Hilo tu. Ametukanwa mbele ya watu, ameambiwa si wa hapa, na kilichomtoka ni kwamba kaa, nikukobolee.

Nikazima mashine. Asajile alikwenda kwenye kona, akafungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa mchele, akaukuta mzima. Akauliza ni nani amekuwa akiupepea. Mama Zawadi akamjibu kwamba anamjua. Asajile akakaa juu ya gunia. Kisha akafuta uso kwa kofia yake, akasema vumbi la humu ndani limezidi. Hatukuwa tumekoboa hata punje.

Akaniuliza kama ni kweli Gaudensi alisema vile. Nikamwambia mimi sijasema kitu, mashine ilikuwa inanguruma.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Gaudensi. Mama Zawadi anakaa nyumba ya jirani, na hakujizuia kusikiliza. Alisema Asajile alikunywa chai, akaongelea mvua, akaongelea bei ya mbolea, akasifia masanduku yaliyofungwa, akaaga. Alipofika uani ndipo akageuka akamwambia Gaudensi kwamba gari la tawi ni moja, linaondoka alfajiri, na nafasi yake ni ile ile ya dirishani.

Alfajiri ya siku ya sherehe mimi sikupanda gari mpaka nilipomwona Gaudensi anakuja, amevaa jezi ya zamani ile ya kola. Gunia lenye kitambaa lilikuwa la kwanza kupakiwa. Walikaa kiti kimoja. Hawakubishana. Mpaka tunapita Chimala hawajabishana, watu wote garini tumenyamaza, tunaogopa.

Mbeya tulikuta uwanja umejaa. Na mnajua tulichokikuta kwenye meza ya wageni? Taratibu na Mbele wamekaa kiti na kiti. Uongozi ulikuwa umewaalika makocha wote zamani sana, bila kuuliza mashine yoyote ya Rujewa. Walikuwa wanakula pilau ya mchele wa Asajile, wanacheka, mmoja anampakulia mwenzake kachumbari. Sisi tulikuwa tumegawana mji kwa ajili ya watu wanaopakuliana kachumbari.

Ngoma zilipoanza zilikuwa nzito kuliko mota. Sisi wa Rujewa tulisimama karibu na meza ile ya wageni, kwa kuwa waliopeleka chakula hupewa nafasi ya mbele. Hapo ndipo Asajile alipomgeukia Gaudensi. Hakumsogelea sikioni kama mtu mwingine yeyote angefanya. Alisimama mbele yake, akahakikisha anaonekana, akaanza kusema kwa mdomo, polepole, silabi kwa silabi. Alisema maneno mengi. Niliyaona yote kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, na machozi yalinitoka hadharani. Msiniulize alisema nini. Ngoma zilikuwa zinapigwa.

Gaudensi alimsikiliza kwa macho mpaka akamaliza. Alimshika bega. Akavuta pumzi ajibu, na mnakumbuka niliyowaambia kuhusu sauti zetu watu wa mashine. Saa ile ile mwenyekiti wa timu akainua mkono kwamba ataanza hotuba, ngoma zikakatika ghafla, uwanja mzima kimya. Gaudensi hakutambua. Akajibu kwa sauti ya mashineni:

"Yameisha, ndugu yangu! Lakini huyu kocha wako hajui mpira!"

Mbele alibaki na kijiko hewani. Taratibu aliinama chini ya meza, mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini. Uwanja ulicheka mpaka mwenyekiti wa timu akakunja hotuba yake. Kurudi Rujewa walibishana njia nzima, winga mwenye mguu wa kushoto, kola ya jezi, kila kitu, na sisi wengine garini tuliwaacha tukiwashukuru kimoyomoyo.

Gaudensi alihamia Mlandege wiki ile, na Asajile ndiye aliyemsindikiza mpaka mlangoni kwake kule Iringa. Mimi niliendelea na mashine mpaka na mimi nilipopumzika. Siku hizi pale pana mitambo mipya, inachambua mawe yenyewe, na vijana wanavaa vizibo vya masikioni. Vaeni, msiige ujinga wetu. Lakini wanapotaka kuambiana kitu wanaandikiana kwenye simu huku wamesimama hatua chache, na hapo ninasikitika kidogo. Bishaneni, vijana wangu, kocha ni wenu na timu ni yenu, hata wewe uliyehamia juzi. Ila mkiona neno linataka kutoka ambalo halihusu mpira, fungeni kundi. Na mkifungua, aliyetukanwa awe wa kwanza kuulizwa kama ameshakula.

Juzi nilimpigia Mzee Gaudensi kwa video. Mtandao wa huku ulikata sauti ikabaki picha, jambo ambalo kwetu sisi si tatizo. Nikamwambia kwa mdomo kitu ambacho sikuwahi kumwambia miaka yote, kwamba asante, kwa uji, kwa kazi, kwa siku ile ya gunia. Alinisoma vizuri, niliona. Lakini yule mzee akajifanya hajaelewa. Akaweka kiganja sikioni, akatingisha kichwa, akaniashiria niongeze sauti. Nikarudia, akatingisha kichwa tena. Ikabidi nisimame uani kwangu hapa Igowole nipige kelele kwa sauti yote niliyonayo, asante, Mzee Gaudensi, asante, mpaka majirani wakatoka nje kuangalia kuna nini.